Mtoto tumboni: vitabu vya kale vya India na kadi ya kliniki

Wasomaji wauliza, Daktari ajibu

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Nina mimba ya kwanza, na kadi yangu ya kliniki inaonyesha wiki ya 19. Jirani yangu, mama mwenye asili ya Gujarat, amenilea kama binti yake tangu nihamie mtaa huu. Kila jioni hunisimulia namna Ayurveda, yaani uganga wa kale wa kwao, unavyoeleza kuumbika kwa mtoto mwezi baada ya mwezi: kwamba mwezi wa kwanza ni kama ute, mwezi wa tatu huchipuka sehemu tano, na mwezi wa nne mama huwa na mioyo miwili, kwa hiyo asinyimwe anachokitamani. Nilipomweleza muuguzi wa kliniki alisema hizo ni hadithi tu. Sipendi kumvunjia heshima jirani yangu, wala sitaki kubishana na muuguzi. Je, yamo ya kweli katika mafundisho hayo, na yanatofautianaje na wanayoyajua madaktari wa leo?
Mama mtarajiwa, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu, na Mwenyezi Mungu akujaalie ujifungue salama. Jirani yako hakukutungia. Aliyokusimulia yamo katika vitabu viwili vikuu vya Ayurveda, kimoja kikiitwa kwa jina la Charaka na kingine kwa jina la Sushruta, vilivyoandikwa kwa Kisanskriti na kupita katika mikono ya wahariri wengi kwa karne kadhaa, yapata miaka elfu mbili iliyopita. Kila kimoja kina sehemu nzima inayohusu mwili wa binadamu, na humo mna milango inayoeleza jinsi mimba inavyotunga na kukua. Muuguzi naye alifanya vyema kukutahadharisha, ila neno "hadithi" haliwatendei haki watu waliojitahidi kukitazama kwa macho matupu kitu ambacho sisi tunakitazama kwa hadubini na ultrasaundi.

Kabla ya kulinganisha chochote, tuweke sawa hesabu. Kadi yako huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na kwa hesabu hiyo mimba ni wiki 40, yaani siku 280. Lakini siku hiyo mimba ilikuwa bado haijatunga, kwa kuwa yai hupevuka na kukutana na mbegu ya mwanamume takribani wiki mbili baadaye. Kadi inasema wiki 19, ilhali mtoto mwenyewe ana wiki 17. Hapa nitahesabu tangu siku ya kutunga, na pale nitakapofuata kadi nitasema.

Sushruta anaanzia shambani. Anasema kwamba kama vile mche unavyoota yanapokutana majira, shamba, maji na mbegu, ndivyo mimba inavyotunga yanapokutana hayo manne katika mwili wa mwanamke. Mkulima yeyote wa Lushoto angemwelewa mara moja, na daktari wa leo hapati taabu kuyapatia majina yake: siku za kupevuka kwa yai, mji wa mimba ulio tayari, lishe inayomfikia mtoto, na mbegu za wazazi wawili. Walipopungukiwa ni kwenye mbegu ya mwanamke. Waliamini kuwa mchango wake ni damu, kwa sababu damu ndiyo waliyoiona. Yai la mamalia halikuonwa na mtu hadi mwaka 1827, alipolipata Karl Ernst von Baer, na ilikuwa mwaka 1876 ambapo Oscar Hertwig, akitazama mnyama mdogo wa baharini mwenye miiba, alishuhudia kiini cha mbegu kikiungana na kiini cha yai. Charaka anaongeza kwamba bila roho kuingia hakuna mimba. Juu ya hilo udaktari hauna kipimo, nami nawaachia wenye elimu ya dini.

Kwa mwezi wa kwanza vitabu vyote viwili vinazungumzia kitu mfano wa ute, kisicho na umbo. Mtu aliyeiona mimba iliyotoka katika wiki hizo hawezi kusema vinginevyo. Kumbe ndani ya ute huo ndimo kazi kubwa kuliko zote hufanyika. Karibu siku ya 22 moyo huanza kupiga. Kufikia siku ya 28 hivi, utando unaojikunja kuwa ubongo na uti wa mgongo huwa umekwisha kufunga pande zote mbili, na usipofunga sawasawa mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Wakati huo wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Ndiyo maana tunasisitiza mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku kuanzia kabla ya kushika mimba, jambo ambalo hakuna jicho la kale lingeweza kulifundisha.

Sasa hizo sehemu tano za mwezi wa tatu, yaani mikono miwili, miguu miwili na kichwa. Chipukizi hizo zipo kweli, na aliyeziita chipukizi alichagua neno lile lile tunalolitumia sisi. Ila huanza kutokeza katika wiki ya nne, na mwisho wa wiki ya nane vidole vimeshaachana, huku kiumbe kizima kikiwa na urefu wa sentimita 3 tu. Ayurveda imechelewa kwa takribani mwezi mmoja.

Lakini katika mlango huo huo Sushruta anahifadhi mjadala ambao mimi huwasomea wauguzi wanafunzi kila mwaka. Swali lilikuwa: kiungo gani hutangulia kuumbika? Shaunaka alisema kichwa, kwa kuwa ndicho shina la hisi. Kritavirya alisema moyo, kwa kuwa ndiyo makao ya akili. Parasharya alisema kitovu, Markandeya alisema mikono na miguu, Subhuti Gautama alisema kiwiliwili. Ndipo Dhanvantari, mwalimu wa Sushruta, akawakatalia wote na kusema kwamba viungo hutokea kwa pamoja, ila havionekani kwa udogo wake, na akatoa mfano wa embe. Jaribu mwenyewe, mwanangu. Kata embe lililoiva: utaona ganda, nyama, nyuzi na kokwa, kila kimoja mahali pake. Kisha okota kile kiembe kichanga kilichoangushwa na upepo, ukubwa wa ncha ya kidole, ukipasue. Huoni ila kitu kimoja laini kisichogawanyika. Hata hivyo nyuzi na kokwa zitatoka humo humo.

Dhanvantari alikaribia sana. Ni kweli kwamba kati ya wiki ya tatu na ya nane moyo, ubongo, ini, macho na viungo hujengwa sambamba, wala hakuna kimoja kinachokamilika ndipo kingine kianze, ingawa moyo ndio wa kwanza kushika kazi. Asichokijua ni kwamba mwanzoni hakuna nyuzi ndogo zilizojificha. Zipo chembe hai zinazogawanyika na kupokezana maagizo, hatua kwa hatua, hadi kiungo kitokee pale ambapo hakikuwapo kabisa. Ulaya nayo iliwahi kuvutana juu ya jambo hili. Mwaka 1759 Caspar Friedrich Wolff, aliyechunguza mayai ya kuku, alikuwa bado anawabishia waliosadiki kwamba kila kiumbe kipo tangu mwanzo kikiwa kidogo mno.

Kuhusu mioyo miwili, Sushruta anaiweka katika mwezi wa nne na Charaka katika wa tatu, kwa hiyo hata wenyewe hawakupatana. Moyo unaoanza kupiga siku ya 22 tunaweza kuuona kwa ultrasaundi karibu na wiki ya sita ya kadi: kiumbe mfano wa punje ya mchele, na ndani yake kitu kinachometameta bila kukoma. Waganga wa kale hawakuwa na ultrasaundi. Walikuwa na maneno ya wanawake. Kwa maoni yangu, walichokiita kuamka kwa moyo na matamanio kilitokana na yale ambayo mama mwenyewe huanza kuyahisi, uzito wa tumbo na baadaye mtoto kucheza, ambako kwa mimba ya kwanza mara nyingi huja kati ya wiki ya 18 na ya 20 ya kadi. Wewe uko pale pale.

Waliamini kwamba mama akinyimwa anachokitamani, mtoto atazaliwa na kibyongo, mkono uliopinda au akili pungufu. Hilo si kweli, na nakuomba uliondoe moyoni, kwa sababu nimewaona kina mama wakijilaumu miaka mingi kwa ulemavu ambao hawakuusababisha. Hata hivyo Charaka anatoa shauri la busara: mama akikitamani mno kitu chenye madhara, apewe kidogo kikiwa kimechanganywa na chenye manufaa. Nasi tunayo matamanio yetu. Ukijikuta unatafuta udongo wa kula, ule unaouzwa sokoni, usione haya kumwambia muuguzi akupime wingi wa damu, kwani mara nyingi hamu hiyo huandamana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe unaweza kuwa na mayai ya minyoo.

Miezi ya tano na ya sita, ambayo Sushruta anaipa akili na utambuzi, nitaipita haraka. Karibu na mwezi wa sita mtoto huanza kushtuka kwa sauti, na akizaliwa huitambua sauti ya mama yake. Zaidi ya hapo, juu ya anachokifikiri, hatuna la kudai.

Nikae kidogo kwenye kitovu, maana hapo wazee wale wanastahili heshima kubwa. Waliandika kwamba kamba ya kitovu cha mtoto imefungamana na mshipa wa mama unaobeba kiini cha chakula, na kwamba lishe humfikia mtoto kwa kupenya taratibu, kama unyevu. Ndivyo kondo la nyuma linavyofanya kazi: damu ya mama na ya mtoto hukaribiana bila kuchanganyika, na vitu hupita katika utando mwembamba ulio kati yao. Na kwa kuwa waliamini kwamba anachokula mama humfikia mtoto, Charaka aliandika kwamba mama anayekunywa pombe kila siku atazaa mtoto mwenye kumbukumbu dhaifu na akili isiyotulia. Udaktari wa kisasa ulikuja kueleza madhara ya pombe kwa mtoto aliye tumboni kwa uwazi mwaka 1968 huko Ufaransa na 1973 huko Marekani. Kabla ya hapo madaktari wengi walilichukulia kondo kama ukuta, mpaka mwaka 1961 ilipodhihirika kwamba dawa ya thalidomidi, waliyopewa wajawazito kutuliza kichefuchefu, ilikuwa imewakata maelfu ya watoto mikono na miguu wangali tumboni.

Jambo moja la mwisho, la kumpelekea jirani yako. Bila shaka umeambiwa kwamba kiungulia cha mimba ni nywele za mtoto. Wanawake wa India ya kale walisema hivyo hivyo, na Charaka anawataja: katika mwezi wa saba wanawake husema nywele za mtoto zinamuunguza mama, lakini mwalimu Atreya anakataa, anasema ni mimba inayosukuma na kuvuruga mambo hadi kifuani. Nasi twasema tumbo la uzazi husukuma, na homoni ya projesteroni hulegeza mlango kati ya umio na tumbo la chakula. Ajabu ni kwamba mwaka 2006 watafiti wa Baltimore waliowafuatilia wanawake 64 waliona wenye kiungulia kikali zaidi walielekea kuzaa watoto wenye nywele nyingi, labda kwa kuwa homoni zile zile zinahusika na yote mawili. Ni utafiti mdogo, lakini wanawake wale wa kale wasingeukataa.

SWALI: Daktari, ninasoma chuo hapa Pune, India, na mke wangu yuko nami akiwa na mimba ya wiki ya 33. Wenyeji wawili wametuambia kwamba mtoto wa mwezi wa saba hupona lakini wa mwezi wa nane haponi ila kwa bahati, na hata nyumbani nimewahi kulisikia hilo. Mwingine anasema tungewahi tungefanyiwa tendo la Ayurveda la kupata mtoto wa kiume, kwa kuwa tuna mabinti wawili. Naomba ufafanuzi.
Baba wa mabinti wawili

JIBU: La mwezi wa nane lina asili yake. Sushruta anafundisha kwamba katika mwezi huo nguvu ya uhai, waiitayo ojasi, haijatulia, na kwamba anayezaliwa wakati huo haishi; Charaka anaongeza kwamba nguvu hiyo inahama kati ya mama na mtoto. Wagiriki wa kale nao walikuwa na kitabu kizima, katika vile vinavyohusishwa na Hippocrates, juu ya mtoto wa miezi minane. Imani iliyoenea hivyo ni ngumu kuing'oa, lakini ni ya makosa, na makosa yake yanaua, kwa sababu familia inayoamini kwamba mtoto hataishi huchelewa kumhangaikia.

Ukweli ni rahisi: kila wiki anayoongeza mtoto tumboni humwongezea nafasi ya kuishi. Mapafu yanahitaji utelezi maalumu unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Utelezi huo huanza kutengenezwa karibu na wiki ya 24 ya kadi, na kwa watoto wengi hutosha karibu na wiki ya 35. Mtoto wa wiki 34 ana nafasi nzuri kuliko wa wiki 30, daima. Mkeo akipata uchungu leo, mkimbilieni hospitali bila kukata tamaa, na mtoto akizaliwa mdogo abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa njia ya kangaruu iliyoanzishwa Bogotá mwaka 1978 na ambayo sasa inatumika katika wodi nyingi za njiti kwetu.

Kuhusu tendo la kupata mtoto wa kiume, liitwalo pumsavana, nitasema waziwazi. Vitabu vinaagiza lifanywe kabla jinsia haijadhihirika, na mojawapo ya njia zake ni kudondoshea maji ya mimea fulani katika tundu la kulia la pua ya mama. Angalieni jinsi uchunguzi sahihi ulivyozaa hitimisho baya. Ni kweli kwamba mwezi wa pili huwezi kumtofautisha wa kiume na wa kike kwa macho. Maumbile ya nje hufanana kabisa. Kutokana na hilo wakadhani jinsia bado haijaamuliwa na inaweza kugeuzwa. Kumbe imeamuliwa siku ile ile ya kutunga: yai la mama daima hubeba kromosomu ya X, mbegu ya baba hubeba X au Y, na jeni iliyo kwenye Y, iliyotambuliwa mwaka 1990, ndiyo huelekeza tezi kuwa korodani kuanzia wiki ya saba hivi. Hakuna tone la puani linalobadilisha hilo. Kama kuna wa kuulizwa kwa nini ni mabinti, basi ni mbegu yako, ndugu yangu, nayo haina kosa. Huko mliko, tangu sheria ya mwaka 1994, ni marufuku kwa daktari kuwaambia jinsia ya mtoto aliye tumboni, kwa kuwa mimba nyingi za watoto wa kike zilikuwa zikitolewa. Msimsumbue kwa kumwuliza.

SWALI: Mke wangu ana mimba ya miezi miwili. Shangazi yake aliporudi kutoka safari alimletea kikopo cha unga wa kijivu, dawa ya Ayurveda ya "kushikilia mimba", na kumpa utaratibu wa kunywa maziwa na samli kila mwezi. Ameacha vidonge vya kliniki kwa sababu vinamtia kichefuchefu. Je, nimwachie?
M., Nairobi

JIBU: Maziwa na unga tuvitenganishe. Utaratibu wa maziwa umo vitabuni kweli: mwezi wa kwanza maziwa baridi, wa tatu maziwa na asali na samli, wa nne maziwa na siagi, na kuendelea hadi uji wa maziwa wa mwezi wa nane. Ni chakula kizuri, mradi maziwa yamechemshwa ndipo yakapoozwa, maana maziwa mabichi huleta ugonjwa wa bruselosisi na mimba ikaharibika, na mradi hana kisukari. Lakini maziwa yana madini ya chuma kidogo mno. Hayawezi kushika nafasi ya vidonge alivyoviacha. Avimeze usiku baada ya chakula, na kichefuchefu kikizidi arudi kliniki wambadilishie.

Unga wa kijivu unanitia hofu, nami sitauficha. Karne kadhaa baada ya Charaka, uganga wa India uliendeleza tawi la dawa za madini zilizochomwa hadi kuwa majivu, na baadhi hutengenezwa kwa madini ya risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walipima dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa madukani, wakakuta 14 zina mojawapo ya sumu hizo. Katika miaka ya 2011 na 2012 idara ya afya ya New York iliwapata wajawazito sita wenye sumu ya risasi waliokuwa wametumia dawa za namna hiyo kutoka India. Risasi hupita kwenye kondo bila kizuizi na kuharibu ubongo unaojengwa, tena hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama. Siwezi kujua kilichomo katika kikopo chenu kwa kusoma barua, na mke wako hawezi kukijua kwa kuonja.

Aache unga huo leo. Shangazi asigombezwe, kwani alileta kwa mapenzi. Kikopo msikitupe: mwende nacho kliniki kesho asubuhi, mseme alianza lini na alikunywa vijiko vingapi kwa siku, na muombe apimwe kiwango cha risasi katika damu.